Mke Niliyemwandika Kuwa Binti

Siku yangu ya kwanza kazini niliitwa kwa jina la babu yangu. Mkuu wa Kambi, meja mstaafu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele zake, aliishika karatasi yangu ya maombi, akaisoma kuanzia mwisho wa jina, akanyoosha mkono: "Karibu, Bwana Juma." Mimi ni Seif, baba yangu ni Khamis, na Juma ni mzee aliyezikwa Pemba kabla sijazaliwa, ambaye sidhani kama aliwahi kuota kwamba iko siku atapewa kazi na Waingereza nje kidogo ya London. Sikumsahihisha. Nilikuwa nimekaa miezi mitano bila ajira, na mtu wa hali hiyo huitikia jina lolote.

Ulikuwa mwaka ule Wahindi wa Uganda walipopewa siku tisini wawe wameondoka. Waliokuwa na hati za Uingereza waliletwa kwa ndege, wakawekwa katika kambi zilizokuwa za wanajeshi, wakisubiri nyumba. Kambi yetu ilikuwa na mabanda marefu ya matofali, bwalo moja la kulia, na kengele iliyobaki tangu enzi za marubani, ambayo Meja aliipiga mwenyewe saa za chakula kwa furaha isiyofichika. Lango lilikuwa wazi mchana kutwa wala hakuna aliyezuiwa kutoka. Lakini nje kulikuwa na baridi, na baridi ni mlinzi asiyesinzia.

Kazi niliipata bila kusema uongo na bila kumaliza ukweli. Tangazo lilitaka mtu anayeweza kuzungumza na wageni hao kwa lugha yao. Meja aliniuliza, "Unaweza kuzungumza nao?" Nikajibu kwamba naweza. Hakuuliza kwa lugha gani, nami sikuona sababu ya kumchosha. Sikujua neno la Kigujarati zaidi ya majina ya vyakula. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili, na digrii ya historia ambayo hapa mjini haikuwa imenipatia hata kazi ya kubeba barua.

Mama wa kwanza kukaa mbele ya meza yangu alikuwa mtu mzima kutoka Jinja, amevaa makoti mawili juu ya sari.

"Karibu, mama. Habari za safari?"

Alinikazia macho. "Arre! Wewe toka wapi?"

"Unguja, mama."

"Unguja! Basi sema na hii mzungu yako, chai yake iko maji tupu. Hapana tangawizi, hapana iliki, hapana kitu. Hii chai au kuosha sufuria?"

Meja aliinama kwa hamu kusikia. Nikamwambia, "Anawashukuru kwa chai, ila anauliza kama inaweza kuchemshwa zaidi." Kufikia wiki ya pili, Wagujarati, Wapunjabi na Wagoa wote wa kambi ile walikuwa wakigombana, wakitaniana na kuulizana zamu ya kufua kwa Kiswahili, na Meja akaandika katika ripoti yake kwamba mkalimani wake mpya ana kipaji cha ajabu cha lugha za Kihindi.

Kwa kuwa naandika kwa ajili ya vijana wanaoingia leo katika kazi hizi za kupokea watu, nieleze ilivyofanywa. Kila kaya ilikuwa na kadi ya usajili, ngumu, yenye upana wa kiganja. Tuliiandika kwa wino mara tatu: moja ilibaki kwenye droo zetu, ya pili ilikwenda Makao Makuu mjini, ya tatu alikaa nayo mhusika mwenyewe. Kulikuwa na mistari tisa. Ule wa tisa ndio uliokuwa na uzito, maana ulitaka jina la jamaa aliyebaki nje ya Uingereza, mahali alipo, na uhusiano wake na mwenye kadi. Siku zile hatukuwa na mashine ya kutukumbusha lolote. Kilichoandikwa mstari wa tisa ndicho kilichokuwa kweli, hata kama hakikuwa kweli.

Jirani yangu mezani alikuwa Mzee Kaitano, Mgoa mwembamba aliyeshuka kwenye ndege na sanduku moja na taipureta moja. Hakuna aliyemwajiri. Asubuhi ya tatu nilimkuta amekaa kwenye kiti cha pili akichonga penseli zangu, na toka hapo hakuondoka. "Kijana," aliniambia, "nimekuwa karani wa kambi kabla hujazaliwa. Nikikaa bila kazi nitaanza kuugua, na hapa dawa ni aspirini tu."

Savita alisajiliwa siku yenye ukungu, watu wakiwa wamejipanga hadi nje. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, peke yake, na karatasi ya kusafiria ya ukurasa mmoja. Majina yake yalikuwa matatu, na la pili lilikuwa Ramniklal. Hakuwa na mtoto. Shingoni hakuwa na mkufu wa ndoa, kwa sababu askari wa vizuizi kwenye barabara ya Entebbe walimvua, ila hilo siku ile hakunieleza wala sikuuliza.

"Kuna jamaa aliyebaki nje?"

"Iko. Iko Austria, kwa kambi." Huyo alikuwa mmoja wa wale waliokutwa hawana uraia wa popote, waliopelekwa kwa muda katika nchi zisizokuwa na upande.

"Jina lake?"

Akavuta ncha ya sari kichwani, akatabasamu, akaweka kidole juu ya jina la pili katika karatasi yake mwenyewe. Ramniklal.

Nami nikaandika, kwa mwandiko mzuri ambao walimu wangu walikuwa wakiusifu: Ramniklal, Austria, baba mzazi.

Msomaji wa kwetu atanielewa. Savita Ramniklal, kwa mtu wa Visiwani, ni Savita binti Ramniklal. Jina la pili ni la baba, halina mjadala, na kumuuliza mwanamke kijana habari za mume wakati ameshakuonyesha jina la baba yake ni utovu wa adabu. Nilijiona mtu mstaarabu. Sikujua kwamba kwa Wagujarati msichana akiolewa huliacha jina la baba yake, na la mume ndilo linaloingia katikati. Wala sikujua kwamba mke aliyelelewa kwa desturi za zamani halitaji jina la mumewe kwa mdomo. Adabu yake na adabu yangu zilikutana juu ya kadi ile, zikaharibu kazi.

Wiki kadhaa zikapita kwa amani. Kisha likaja agizo kutoka Makao Makuu. Mwanzo serikali ilikuwa imekataa kuwapokea wasio na uraia. Sasa ililegeza, lakini kwa waume tu wa wanawake waliokwisha kufika peke yao. Baba, kaka na wajomba hawamo. Orodha ilitolewa kwenye nakala za kadi, ikabandikwa ubao wa bwaloni, na ingefungwa Ijumaa saa kumi jioni. Ambaye hayumo angepelekwa nchi yoyote itakayomkubali.

Ijumaa asubuhi Savita alikuja mezani bila kuvuta sari kichwani.

"Bwana Seif, mimi nasoma ile ubao mara nne. Ya Kusum iko. Ya Manjula iko, na Manjula nasema hapana taka yeye! Ya mimi wapi?"

"Ya kwako ipi, dada?"

"Bwana yangu! Ile ya Austria! Sasa yeye naleta barua, nasema Jumatatu wale natia yeye kwa ndege ya Kanada."

Nilivuta droo. Mwandiko ulikuwa wangu, na wino haukuwa na hata doa. Nilimsomea mstari wa tisa.

Akapiga meza kwa kiganja hadi penseli zikaruka. "Baba? Yeye iko miaka ishirini na sita! Nanizaa mimi wakati yeye iko na miaka nne?"

Mzee Kaitano akaangua kicheko, kisha akaona uso wa Savita na kukimeza. Akamvutia kiti, akamwambia asubiri, akanishika mkono na kunipeleka dirishani.

Lazima niseme nilichokuwa nikiwaza, maana hii si habari ya ushujaa. Kibali changu cha kukaa nchini kilihuishwa kila baada ya miezi sita, kwa barua ya Meja kwamba mimi ni karani makini. Niliwaza kumwambia Savita kwamba kosa limetokea mjini. Niliwaza kwamba Kanada nako kuna watu wanaishi.

"Sikiliza," alisema Mzee Kaitano. "Vita vya Hitler vilinikuta Msumbiji, karani wa Mreno. Mreno hakuwamo vitani. Meli za Wajerumani na Wataliano zikakimbilia kwetu, na mabaharia wao tukawaweka kambini hadi vita viishe. Si mateka, kwa sababu Mreno hana adui. Si wageni, kwa sababu lango limefungwa. Baadaye wakaokotwa baharini wengine, wa upande wa pili, ambao meli zao zilizamishwa. Nao wakaletwa. Asubuhi nagawa sabuni kwa Wajerumani, mchana nagawa sabuni ileile kwa Waingereza, na kila upande unaniambia wenzao wamepewa kubwa."

"Mzee, leo ni Ijumaa."

"Nafika. Kulikuwa na mchochea makaa mmoja, mtu wa nchi isiyokuwamo vitani, kama Mreno. Haki yake ilikuwa kuachiwa aende. Lakini alishuka kwenye meli ya Kijerumani, nami nikamwandika Mjerumani. Niligundua baada ya miezi mitatu. Mkubwa wangu alikuwa mkali, na mimi nilikuwa na mke mjamzito. Nikanyamaza. Yule bwana alikaa mpaka vita vikaisha. Siku ya kuondoka alinishika mkono, akanishukuru kwa sabuni." Akatazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama. "Angenitukana, ningekuwa nimesahau."

Nikazunguka mabanda kuwauliza wengine wote wenye jamaa nje, kisha nikaichukua ile kadi, nikaenda kwa Meja.

Alinisikiliza akiwa amesimama. "Bwana Juma, unaniambia kwamba umemfanya mke wa mtu kuwa binti yake?"

"Ndiyo, bwana. Na ingekuwa kwetu, ningekuwa sahihi."

"Lakini hatuko kwenu."

"Wala hatuko kwao, bwana."

Masharubu yalitikisika, na kwa muda sikujua kama ni hasira au kicheko. "Wako wangapi wa namna hii?"

"Mmoja tu. Nimewauliza wengine wote wenye jamaa nje. Wenye watoto niliwauliza habari za mume tangu mwanzo."

"Mwite. Vaeni makoti. Gari yangu haina kipasha joto."

Njiani, Savita akiwa amejikunja nyuma ndani ya blanketi la jeshi, nilieleza desturi za majina: yao, na zetu. Meja aliendesha hadi taa nyekundu, akanigeukia. "Kwa hiyo Juma ni nani?"

"Babu yangu, bwana."

"Na anajua kwamba yuko kazini?"

Makao Makuu tulipokewa na Mkuu wa Majalada, mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijivu, ambaye sifa yake ilikuwa kwamba hajapata kupoteza karatasi. Nilimpa tamko la kosa la karani, yaani karatasi ambayo mwandishi anakiri kwa sahihi yake kwamba kilichoandikwa si sahihi. Hakuonyesha mshangao.

"Sina ugomvi na kosa. Kosa nina fomu yake. Ninachotaka ni uthibitisho. Kila mtu leo ana mume." Akamgeukia Savita. "Mumeo anaitwa nani?"

Nilitafsiri. Savita akatazama sakafu.

"Hajui?"

"Anajua, mama. Hasemi."

"Kwa nini?"

"Ni heshima. Mke halitaji jina la mumewe."

Mkuu wa Majalada akaweka kalamu chini. "Mimi wangu namwita kwa jina mara arobaini kwa siku na bado hasikii. Mwambie ni neno moja tu."

Nilimwambia Savita. Akafunga macho, akajaribu. Alifika herufi ya kwanza akakwama, akaanza kulia kwa hasira. "Mimi nasema hii jina, kitu mbaya napata yeye. Halafu ndege naanguka. Halafu nyinyi nasema pole!"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Meja aliangalia viatu vyake. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, digrii yangu ya historia ikanifaa, kwa sababu jambo moja tulilofundishwa ni kwamba hati moja ikikataa kusema, itafutwe ya upande wa pili.

"Mama," nilisema, "naye Austria ana kadi. Kuna mstari kama huu wa kwetu. Kwa nini tusiulize huko amemwandika Savita kuwa nani wake?"

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayekagua kiti kabla ya kukikalia. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe chumba cha teleksi, ile mashine iliyopiga maandishi kutoka nchi hadi nchi. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Meja alitoa kitambaa chake na kumpa Savita, naye akapenga kamasi bila huruma na kumrudishia. Meja, mtu wa vita viwili, alikikunja vizuri na kukirudisha mfukoni.

Jibu lilikuja saa tisa na nusu. Mkuu wa Majalada alilisoma akiwa mlangoni, nami nikalitafsiri hapohapo: "Amemwandika mke. Anauliza kama mkewe amepata sweta. Anaomba akija asipewe dengu, zinamsumbua tumbo. Anasema Kanada hataki."

Savita alicheka na kufunika uso. "Dengu! Mbele ya watu wote!" Na jina la Ramniklal likaingia mwisho wa orodha kwa kalamu, nusu saa kabla haijafungwa.

Siku kumi baadaye tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Mlango ulifunguka, wakatoka watu wa ndege tatu kwa pamoja, na katikati yao kijana mrefu mwenye koti la mtu mfupi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashika njia isiyo yake. Savita aliinua mkono, akafungua mdomo, akakumbuka. Jina halisemeki. Kijana anazidi kwenda.

"Wewe!" alipaza sauti kwa Kiswahili, hadi wapagazi wakasimama. "Wewe! Bwana! Iko huku! Huku!"

Waligeuka wanaume kama dazeni, wakiwemo Wazungu watatu. Na yule mrefu naye akageuka.

Kosa langu liliandikwa katika faili langu, nami sikufukuzwa. Mkuu wa Majalada aliomba nihamishiwe kwake. Alisema kwamba karani asiyekosea hajampata, lakini wanaokosea kisha wakatia sahihi yao chini ya kosa ni wachache. Kambi ilipofungwa, Mzee Kaitano alikwenda kuishi na binti yake Woolwich, akafanya kazi ya kugawa barua katika kampuni moja hadi akatimiza miaka sabini, na mazishi yake yalikuwa na kelele na chakula kingi, kama alivyoagiza. Mimi nilihudumu Makao Makuu miaka minne, kisha nikapelekwa ofisi ya kugawa nyumba huko Ilford chini ya Msimamizi wa Wilaya aliyeamini kwamba kila familia ya Kihindi inahitaji vyumba sita na hivyo hakuipa hata moja vyumba vitatu. Toka hapo nikaja Queensbury, ambako waliokuwa kwenye droo zangu walikuwa tayari na maduka, leseni na wajukuu, na walinikemea kwa Kiswahili kilekile kwa sababu ya paa linalovuja. Wakafika baadaye Wasomali, Wakongo, na watu wa kwetu Pemba wakikimbia mambo yao wenyewe. Kila mlango ulikuwa na desturi yake ya majina, na kila desturi ilikuwa na shimo lake la kumtumbukiza karani anayejiona mstaarabu.

Nimestaafu mapema kidogo, mvi hazijakimaliza kichwa. Vijana huniuliza kama kazi ile ilinihuzunisha. Ilinihuzunisha mara nyingi, lakini nimecheka kazini kuliko watu wengi ninaowafahamu, wakiwemo wachekeshaji. Kama kuna nilichojifunza, ni kwamba ujuzi wangu mwenyewe ndio ulionidanganya, wala si ujinga wangu. Nisingejua lolote kuhusu majina, ningeuliza. Kuanzia Ijumaa ile sikuwahi tena kuandika jamaa wa mtu kabla ya kusema, "Huyu ni nani wako?" hata pale mtoto mchanga alipokuwa akinyonya mbele yangu.

Siku yangu ya mwisho nilimkabidhi meza binti wa Kikongo aliyezaliwa London, hodari, mwenye vidole vyepesi kwenye kompyuta. Nilimwonyesha mahali pa kila kitu, nikamalizia na swali langu. Akatazama skrini, akanijibu kwa Kiingereza kwamba hakuna nafasi ya kulijaza.

"Uliza hivyohivyo," nilimwambia.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mzee wa Kibajuni aliyeongozana na mwanamke mzima aliyeshika mfuko wa dawa. Binti akasafisha koo, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Mzee, huyu ni nani wako?"

Mzee akavuta kiti karibu, akaweka kofia mezani. "Ah! Huyu? Hebu ngoja nikueleze. Mama yake na mimi tulinyonya ziwa moja, sasa baba yake naye..."

Waliojipanga nyuma wakaguna. Binti akanitupia jicho la kuomba msaada, nikajifanya natafuta mkono wa koti langu. Nilipofika mlangoni nilisimama kusikiliza. Walikuwa hawajafika hata kwa mjomba wa kwanza, na binti alikuwa ameacha kompyuta na kuchukua kalamu.